Takwimu za Ajira kwa Kila Sekta: Mapitio kwa Jicho la Mombasa

Anayetaka kujua ni Wakenya wangapi wanaofanya kazi viwandani, mashambani, katika ujenzi au katika uchukuzi hahitaji kulipa hata shilingi moja, kwa kuwa karibu vyanzo vyote vya maana hutolewa bure. Gharama yake ni muda na uangalifu, na wengi hujutia kukosa hicho cha pili. Mapitio haya yanahusu vyanzo ninavyovitumia mara kwa mara katika kazi yangu ya kuandaa maelezo ya soko la kazi kwa vyuo vya ufundi na vyama vya akiba na mikopo vya hapa Mombasa. Kipimo changu ni kimoja: je, chanzo hiki kinaweza kumweleza mtu wa Pwani lolote la uhakika kuhusu bandari na utalii, shughuli mbili ambazo mji huu unazitegemea kuliko nyingine zote? Nitangulize jibu. Vingi haviwezi, na sababu kubwa si uzembe wa wanaovitayarisha, bali ni jinsi kazi zenyewe zinavyogawanywa katika mafungu kabla hazijahesabiwa.

Chanzo ambacho ningemshauri mtu yeyote aanze nacho ni ripoti ya kila mwaka ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, inayofahamika kwa jina la Economic Survey. Sura yake inayohusu ajira, mapato na bei za bidhaa ndiyo inayonukuliwa na magazeti kila ripoti inapotoka, ingawa magazeti huishia kwenye kurasa zake mbili za mwanzo. Toleo la 2025 linaeleza kwamba katika mwaka wa 2024 watu waliokuwa kazini walifikia milioni 20.8, kwamba nafasi mpya 782,300 zilipatikana, na kwamba 703,700 kati ya hizo zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Msomaji asiyeharakisha atagundua sharti lililoandikwa pembeni ya hesabu hiyo, nalo ni kwamba kilimo cha mashamba madogo na ufugaji wa kuhamahama havimo. Kwa hiyo mkulima wa mihogo wa Kwale na mfugaji wa Tana River hawamo katika hizo milioni 20.8, na anayeandika kwamba hiyo ndiyo jumla ya Wakenya wenye kazi amewafuta watu hao bila kukusudia.

Majedwali yanayofuata ndiyo yanayoipa ripoti hii thamani. Ajira ya mshahara imepangwa kisekta, sekta binafsi imetenganishwa na ya umma, na kila jedwali lina miaka kadhaa mfululizo, hivyo mtu anaweza kuona bila hesabu ngumu kwamba elimu ndiyo yenye waajiriwa wengi zaidi, au kwamba viwanda vinaongeza watu kwa mwendo wa kusuasua. Yapo pia majedwali ya wastani wa mapato ya mfanyakazi katika kila sekta, pamoja na idadi ya mikataba ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri iliyosajiliwa mahakamani. Hilo la mikataba halitajwi sana, lakini kwa mtu anayetaka kujua ni wapi vyama vya wafanyakazi vingali na nguvu, ni hazina. Jambo moja la kuzingatia ni alama ya nyota iliyo juu ya mwaka wa mwisho, ambayo maana yake ni kwamba takwimu za mwaka huo ni za muda na toleo linalofuata huzirekebisha. Nimeona mapendekezo ya miradi yakichukua mwaka mmoja kutoka toleo la zamani na mwaka mwingine kutoka toleo jipya, kisha mwandishi akatangaza ukuaji ambao kwa sehemu ulitokana na marekebisho tu. Anayetaka mfululizo na auchukue wote katika toleo la karibuni.

Mombasa inaonekana wapi katika sura hiyo? Inatajwa kwa jina katika majedwali ya kima cha chini cha mshahara, ambako imewekwa kundi moja na Nairobi na Kisumu kwa mujibu wa amri za serikali za mishahara. Lakini mshahara wa chini kabisa anaostahili mlinzi wa usiku wa mjini hauelezi ni walinzi wangapi walioajiriwa mjini humo. Majedwali ya ajira kisekta ni ya nchi nzima.

Nadharia za takwimu tuziache kidogo tutazame Kilindini, bandari ya Mombasa. Sekta katika ripoti hizi hupangwa kwa kufuata uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi uliotayarishwa na Umoja wa Mataifa, unaojulikana kwa kifupi kama ISIC, ambao toleo lake la nne, la 2008, lina mafungu 21 yaliyopewa herufi A hadi U. Uchukuzi na uhifadhi wa mizigo uko katika H, na humo ndimo ilimo kazi ya kupakia na kupakua shehena. Mpaka hapo hakuna tatizo. Ila uainishaji huu hauhesabu kazi anayoifanya mtu, unahesabu shughuli ya kampuni iliyomwajiri. Mfanyakazi wa kudumu anayefunga na kufungua kontena melini akiwa ameajiriwa na mwendeshaji wa gati anaingia H. Kibarua anayesimama naye bega kwa bega, ambaye ameletwa na wakala wa kukodisha wafanyakazi na wakala huyo ndiye anayemlipa, anaingia N, fungu la huduma za usimamizi na usaidizi, pamoja na kampuni za ulinzi na za usafi wa maofisi. Kontena ni lilelile na zamu ni ileile, lakini katika jedwali watu hao wawili wanafanya kazi katika sekta mbili tofauti. Matokeo yake ni kwamba mwajiri wa bandarini anapoacha kuajiri moja kwa moja na kuanza kutumia mawakala, H hupungua na N hukua, na mchambuzi aliyeketi mbali atasema kwamba uchukuzi umedorora na huduma za biashara zimestawi, ilhali pale kwenye lango la bandari wanaopanga foleni alfajiri ni watu walewale.

Kasoro ya pili ya kutegemea mstari wa H ni nzito zaidi kwa mtu wa Mombasa. Treni za abiria za reli ya kisasa zilianza safari mwaka wa 2017 na za mizigo zikafuata, kisha serikali ikaelekeza kwamba makontena mengi yasafirishwe kwa reli hadi bohari ya nchi kavu ya Nairobi na kushughulikiwa huko. Wenye malori, madereva, mawakala wa forodha, wenye maghala ya Changamwe na wauza vyakula wa kando ya barabara walilalamika kwa miaka, na mwaka wa 2019 waliandamana mjini mara kwa mara, hadi Septemba 2022 ambapo Rais William Ruto, alipokuwa akiapishwa, alitangaza kuirudisha kazi ya kuondosha mizigo Mombasa. Hayo yote ni mambo makubwa ya ajira, lakini yatafute katika jedwali la kitaifa uone. Karani wa forodha aliyepoteza kazi Mombasa na mwenzake aliyeipata Embakasi, Nairobi, wote wako H, na jumla ya H haisogei hata kidogo mmoja anapotoka na mwingine kuingia. Mji mzima unaweza kupoteza riziki na kuipata tena bila mstari huo kutikisika. Kwa maoni yangu huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote wa sura ya ajira, kwa sababu mzozo wa kazi uliougusa mji huu kuliko mingine katika miaka ya karibuni hauonekani ndani yake.

Kuhusu utalii, mambo ni tofauti lakini hayana afueni. Utalii hauna fungu lake katika ISIC, kwani ni sekta inayotambulikana kwa mteja wala si kwa bidhaa. Mhudumu wa hoteli ya Bamburi yuko I, fungu la malazi na huduma za chakula. Kampuni inayompeleka mgeni Shimba Hills iko N. Dereva wa tuktuk aliyemfikisha Ngome ya Yesu yuko H, karani wa makumbusho ndani ya ngome yuko R, fungu la sanaa na burudani, na mwongozaji anayemweleza habari za Wareno, ikiwa anafanya kazi ya uongozaji wa watalii, anarudi N. Aliyemuuzia kinyago yuko G pamoja na wauzaji wa duka lolote, na mchongaji wa ushirika wa Akamba kule Changamwe aliyekichonga yuko C, fungu la viwanda. Hivyo anayechukua mstari wa malazi na chakula na kuuita "ajira ya utalii" anafanya makosa mawili kwa mpigo: anawaacha wengi wanaoishi kwa watalii, na anawaingiza wapishi wa mikahawa ya pilau ya Mwembe Tayari ambao wateja wao ni makondakta na wachuuzi. Dawa inayotambuliwa kimataifa ni hesabu maalumu ya utalii inayokusanya vipande hivyo kutoka kila fungu kwa kufuata matumizi ya wageni, na mwenye swali la utalii aelekee kwenye hesabu za namna hiyo kabla ya kugusa jedwali la kawaida.

Halafu kuna jua kali. Kati ya watu milioni 20.8 waliotajwa, milioni 17.4 wako katika sekta isiyo rasmi, na ingetarajiwa kwamba sehemu iliyo kubwa namna hiyo ingefafanuliwa kwa kina kuliko nyingine. Hali ni kinyume. Ajira ya mshahara imegawanywa katika mafungu mengi, lakini sekta isiyo rasmi imewekwa katika mistari michache tu: utengenezaji wa bidhaa, ujenzi, uchukuzi na mawasiliano, huduma za jamii na za binafsi, mengineyo, na ule mstari mkubwa kuliko yote unaochanganya biashara ya jumla na rejareja pamoja na hoteli na mikahawa. Mwenye stoo ya vitunguu Kongowea anayeleta malori kutoka Tanzania, mama anayekaanga mahamri barazani Majengo, na kijana anayetembeza miwani ya jua ufuoni wote ni mstari mmoja. Anayetayarisha kozi ya upishi hawezi kuwatenganisha.

Ukweli ni kwamba kuhesabu watu hawa si kazi nyepesi. Utafiti wa KNBS wa 2016 kuhusu biashara ndogo na za kati ulikuta biashara milioni 7.4, na karibu milioni 5.85 kati ya hizo hazikuwa na leseni, kwa maana kwamba hazimo katika orodha yoyote ambayo mhesabu angeanza nayo. Utafiti huo, ambao ulikadiria kwamba watu milioni 14.9 walikuwa wakifanya kazi katika biashara hizo, ungali na manufaa kwa sababu unaeleza jinsi biashara zenyewe zinavyoendeshwa. Tatizo lake ni umri. Tangu wakati huo bodaboda zimejaa hadi vichochoro vya Mji wa Kale na mauzo mengi yamehamia kwenye simu.

Upande wa pili ni tafiti za kaya, ambazo badala ya kumuuliza mwajiri ana watu wangapi, humuuliza mtu nyumbani kwake alifanya nini wiki iliyopita. Kwa mji wenye vibarua wengi, huu ndio mlango unaofaa. Ripoti za kila robo mwaka za nguvukazi, ambazo KNBS ilianza kuzitoa kwa data za 2019, zilionyesha faida yake wakati wa Korona, pale kiwango cha ukosefu wa ajira kilipopanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya 2020 hadi asilimia 10.4 katika robo ya pili. Ripoti ya mwaka isingeweza kuonyesha mshtuko huo kwa wakati wake. Lakini msomaji ajue anachokisoma: kwa kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa muda wa saa moja tu katika wiki husika anahesabiwa kuwa ana kazi. Hamali aliyepata mkokoteni siku moja Jumanne, akakaa kitako siku zilizosalia, si mkosefu wa ajira. Kanuni hiyo ina sababu zake, na inawezesha nchi kulinganishwa, ila asilimia 5 ya ukosefu wa ajira isisomwe kana kwamba asilimia 95 wanalala wameshiba. Ripoti hizo hutoa pia vipimo vipana zaidi, vinavyowajumuisha waliokata tamaa ya kutafuta na wanaotaka saa zaidi za kazi, na kwa Pwani hivyo ndivyo ninavyovinukuu.

Kwa vyanzo vya kimataifa nitakuwa mfupi. ILOSTAT, hifadhi ya takwimu ya ILO yenye makao yake Geneva, ni safi, ni rahisi kutumia, na inamruhusu mtu kuchagua nchi, mwaka, jinsia na fungu la ISIC kisha kupakua jedwali lililo tayari kwa hesabu. Mtumiaji atazame kama takwimu inatokana na utafiti uliofanyika kweli au ni makadirio ya modeli, kwa kuwa pale nchi inapokosa utafiti kwa miaka kadhaa ILO hujaza pengo kwa hesabu, na inasema hivyo waziwazi. Benki ya Dunia nayo hutoa mgawanyo wa ajira katika kilimo, viwanda na huduma, basi, na mgawanyo huo unatokana na makadirio hayohayo ya ILO, hivyo anayezitaja taasisi zote mbili kana kwamba zinathibitishana amemwita shahidi mmoja mara mbili. Tahadhari nyingine inahusu kulinganisha miaka: mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi wa 2013 uliamua kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani tu asihesabiwe tena kuwa ameajiriwa, na nchi hazikuanza kulifuata azimio hilo kwa wakati mmoja. Kushuka kwa ghafla kwa ajira ya kilimo katika nchi yoyote ya Afrika kuchunguzwe kwanza kama si mabadiliko ya tafsiri.

Ili kuona kinachowezekana, nilitazama mfumo wa Marekani, si kwa kuusifu ugeni bali kwa sababu nao una miji ya bandari. Idara yao ya takwimu za kazi, BLS, hutoa kila robo mwaka hesabu inayotokana na taarifa ambazo waajiri hulazimika kupeleka kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira, nayo inagusa zaidi ya asilimia 95 ya nafasi za kazi nchini humo, kaunti kwa kaunti na sekta kwa sekta. Mtu anaweza kutafuta ni wangapi wanaohudumia shehena za meli katika kaunti ya Los Angeles pekee, mradi takwimu hiyo haijazuiwa ili kulinda siri za waajiri walio wachache. Kasoro ya mawakala wa wafanyakazi ipo kwao vilevile, kwani kibarua wa wakala huhesabiwa katika sekta ya wakala. Lakini swali la kaunti wamelijibu kwa kutumia karatasi ambazo mwajiri anazijaza hata hivyo, na waajiri wetu nao hujaza za NSSF na za kodi ya mishahara kila mwezi.

Kwa habari za haraka kuna kipimo cha mameneja wa manunuzi cha benki ya Stanbic, PMI, kinachotokana na majibu ya kampuni 400 hivi za sekta binafsi na kutoka kila mwezi. Kinachoulizwa ni kama wafanyakazi wameongezeka, wamepungua au wamebaki vilevile, na matokeo yakizidi 50 ni dalili ya kuongezeka. Hakina idadi wala kaunti, na hakigusi kibanda cha mtu. Nakisoma kama ninavyosoma utabiri wa upepo.

Linabaki swali la Mombasa yenyewe. Sensa ya 2019 iliyohesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii iliuliza juu ya shughuli za kila mtu, na ndiyo inayoshuka hadi kwenye kaunti ndogo, ila imeshakuwa ya zamani na inayofuata haitarajiwi kabla ya 2029. Njia ninayoiona bora kwa sasa ni data ghafi za utafiti endelevu wa kaya wa KNBS, zinazopatikana katika hifadhi ya kitaifa iitwayo KeNADA baada ya kujisajili na kueleza matumizi. Humo kila mhojiwa ana kaunti yake, sekta yake na saa alizofanya kazi, hivyo mtu anaweza kumtafuta kibarua kwa saa badala ya kwa jina la mwajiri. Inahitaji programu ya takwimu na subira, kwani maelezo ya safu yameandikwa kwa mtu aliyekwisha kuzijua. Asiyezoea asikimbilie kugawa Mombasa katika mafungu 21 kwa robo moja ya mwaka, maana sampuli ya kila robo imekusudiwa kuwakilisha nchi nzima, na fungu kama R litabakiwa na watu wa kuhesabika kwa vidole. Aunganishe robo nne za mwaka mmoja, atumie uzito uliotolewa pamoja na data, yaani namba inayoonyesha kila mhojiwa anawakilisha watu wangapi, aweke bandari na uchukuzi katika kundi moja, biashara katika jingine, malazi na chakula katika la tatu, na yaliyosalia ayaache pamoja.